Nyumba Iliyotangulia Kuwa ya Kisasa

Kama umepata kupita katikati ya mji wa Bariadi, upande wa maduka ya zamani, huenda umeziona nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zenye baraza mbele, milango ya mbao ya mbawa mbili, na juu kabisa, kwenye paji la nyumba, mwaka wa ujenzi uliofinyangwa kwa saruji. Mojawapo ni yetu. Paji lake linasema 1958. Tuliinunua mwaka 2017 kwa fedha za pamba za misimu mitatu na mkopo wa kikundi, na tangu siku tuliyokabidhiwa funguo hatukuwa na raha mpaka tuliposikilizana juu ya jambo moja: tuibomoe au tuitengeneze?

Mmoja wetu alitaka ibomolewe. Hatutasema ni nani, maana naye husoma ukurasa huu. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Tangu Mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu, mji umebadilika sura. Kila upande zinachomoza nyumba zenye mabati ya rangi, madirisha ya alumini na marumaru zinazong'aa kama sahani za wageni. Nani asiyependa? Yetu ilikuwa na ufa uliopanda kutoka dirishani hadi darini, rangi iliyobambuka, sakafu nyekundu iliyofifia, na harufu ya popo. Wanakwaya wenzetu walipokuja kutupongeza walizunguka vyumba vyote wakiwa kimya, halafu mmoja akasema kwa upole, "Kiwanja ni kizuri."

Aliyetuchelewesha ni bibi wa watoto. Alikuja kutoka kijijini, wilaya ya Itilima, kuona tulichonunua. Baada ya mwangaluka na habari za shamba hakuingia ndani. Alikaa barazani, akawa anapapasa ukingo kwa kiganja. Kisha akatuambia kwamba amepata kukaa pale pale. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, babu alipolipwa pamba kwenye chama cha ushirika, walikuja dukani hapa kwa miguu, naye akanunuliwa doti ya kanga na sufuria. Vilipimwa na kufungwa juu ya kaunta ile ile ambayo sisi tulikuwa tumeshapanga kuipasua kuni. "Mayu," akamwambia mwali wake, "mtafanya mtakavyo, nyumba ni yenu. Lakini mwaka ule, hapa ndipo palikuwa mjini."

Ndipo tukaanza kuuliza-uliza. Nyumba za safu kama hii ni watoto wa pamba. Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, ndio waliokuwa wakinunua pamba ya Usukuma, na wakulima wakilalamikia mizani. Ushirika ulikua kutokana na malalamiko hayo, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Fedha zilipofika mkononi mwa mkulima, maduka nayo yakapata wateja. Mwenye duka alijenga chumba cha biashara mbele, familia ikaishi nyuma, na katikati ukaachwa ua wa kupikia, kuanikia na kupumulia.

Tena zilikuwa nyumba za kisasa kwa wakati wake. Miaka hiyo ya 1950 na 1960 wasanifu majengo wa nchi za joto waliacha urembo mwingi wa zamani wakashughulikia kivuli, upepo na mvua. Hapa kwetu alikuwapo Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeanza kazi yake jijini humo mwaka 1950, na baadaye Beda Amuli, aliyesanifu Soko la Kariakoo la miaka ya 1970. Wengi tunalijua lile paa lake, lenye maumbo kama miamvuli iliyogeuzwa, linalokinga jua na kukusanya maji ya mvua kwa pamoja. Soko lile liliungua Julai 2021. Serikali ilipolikarabati, umbo lake halikufutwa, na soko jipya likajengwa pembeni yake. Nyumba yetu haikuchorwa na msanifu mashuhuri. Yaelekea ni fundi tu aliyeona kwingine akaiga. Lakini aliiga vizuri, kama utakavyoona, na sisi tulichelewa kumwelewa.

Kosa letu la kwanza tulilifanya chumbani kwa watoto. Juu ya dirisha, karibu na dari, kulikuwa na mistari miwili ya matofali ya maua, yale ya saruji yenye matundu. Vumbi la kiangazi linaingia humo, na mbu pia. Tukamwita fundi, akaziba matundu yote kwa saruji kwa siku moja, akapiga lipu, pakawa laini kama ukuta wa benki. Kisha tukang'oa dirisha la luva, lile la vipande vya vioo vinavyolazwa kwa mkono wa chuma, tukaweka la alumini la kusukuma. Tulifurahi sana. Tulipiga na picha.

Ilipofika Oktoba chumba kile kilikuwa tanuri. Watoto waliamka wameloa jasho, na mvua zilipoanza ukuta wa ndani ukaota madoa meusi ya ukungu nyuma ya kabati. Kitindamimba wetu, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alianza kukohoa usiku. Dawa ya kwanza haikusaidia, wala ya pili. Tulipokwenda mara ya tatu, mganga wa zahanati akaacha kuuliza mtoto anakula nini, akauliza analala wapi.

Turudi nyumbani tuliangalie dirisha. Lile la kusukuma, hata ukilifungua lote, nusu yake hubaki imefungwa, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. La luva hufunguka karibu lote, na ukilaza vioo kidogo mvua haiingii. Hewa ya moto hupanda juu, na juu ndiko tulikokuwa tumeziba. Pumzi za watoto wanne usiku kucha zilikuwa hazina pa kutokea, unyevu wake ukatulia ukutani. Yule fundi wa 1958 alikuwa amepanga mlango wa hewa baridi chini na wa hewa ya moto juu, bila umeme na bila gharama, nasi tukalipa fedha ili kuuziba.

Tukazibua. Ilichukua siku nne za tindo na nyundo ndogo, na matofali sita yalivunjika. Fundi mwashi alitengeneza kiunzi cha mbao kwa kufuatisha tofali lililobaki zima, akatumwagia mapya kwa saruji na mchanga uliochekechwa. Kwa ndani tukapigilia wavu wa mbu kwenye fremu inayofunguka, ili vumbi lisuguliwe kila Jumamosi. Luva tulizipata bado zimelala stoo. Shukrani kwa uvivu wetu wa kutupa vitu. Ukungu tuliusugua, tukaacha ukuta ukauke, na kabati likasogezwa mbali na ukuta. Kikohozi kilipungua, kisha kikaisha. Hatusemi kila kikohozi ni cha dirisha. Mtoto akikohoa, mpeleke kwa mganga kwanza. Lakini ukirudi, tazama juu.

Baada ya hapo hata yule mmoja wetu alikubali kwamba kila kitu kiulizwe kazi yake kabla ya kuguswa.

Tukaulizia ukuta. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, kwa hiyo saruji iliyotumika Bariadi mwaka 1958 ilitoka nje ya Tanganyika na ilikuwa ghali. Mafundi waliibania. Kuta zetu ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na juu yake lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Ukiuvika lipu ngumu ya saruji, unyevu hukosa njia, hupanda juu zaidi, na lipu yenyewe huvimba na kudondoka vipande vipande. Tulishaona hayo kwenye sebule, ambako mwenye nyumba aliyetutangulia alipiga saruji hadi usawa wa kiuno. Tuliibandua yote tukarudishia chokaa, fungu moja kwa mafungu matatu ya mchanga safi. Chokaa inataka subira: hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa isikauke haraka kwa jua. Na inataka uangalifu, maana inaunguza ngozi na macho. Watoto wasikaribie, na fundi avae glovu.

Ufa ndio uliotunyima usingizi, kwa sababu kila aliyeuona alisema nyumba itaanguka. Ninyi mnaolima Simiyu mnaujua udongo wetu mweusi wa mbuga. Masika huvimba, ukishika jembe haliachi. Kiangazi hupasuka mipasuko ya kumeza mguu. Nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Mzee mmoja seremala alitufundisha kupachika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, kama daraja, na kuandika tarehe. Kioo kikipasuka, ufa unaendelea kutembea. Chetu kilipasuka Januari.

Basi tukatoka nje kutazama kona ile. Mfereji wa bati wa paa ulikuwa umetoboka, na maji yote ya upande ule yalikuwa yakimwagika chini ya kona moja, wakati kona ya pili ilikuwa kavu chini ya mwarobaini mkubwa uliokuwa unakunywa kila tone. Upande mmoja unavimba, upande mwingine unanywea, ukuta ufanyeje? Tulibadilisha mfereji, tukajenga kandokando ya ukuta ukanda wa saruji unaoteremka kuelekea nje, na mwarobaini tukaupunguza matawi badala ya kuung'oa ghafla, kwani kuung'oa kungeiachia ardhi ile maji yote kwa mara moja. Kisha tukapachika kioo kingine, nacho kimevuka masika mbili. Ufa tumeujaza chokaa, na alama yake inaonekana. Iache ionekane.

Maji yale ya paa nayo yalikuwa na mahali pake. Chini ya ua, tulipofagua takataka za miaka, tulikuta mfuniko wa chuma, na chini yake tangi la kujengea lililojaa vifusi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Hizo ni ndoo mia moja za lita 20, na mama anayejua uzito wa ndoo moja kichwani hahitaji kuelezwa zaidi. Tulilisafisha, tukalipiga niru ndani, tukaweka chujio mdomoni. Maji ya mvua ya kwanza hatuyaingizi, yanaosha paa kwanza, na ya kunywa tunayachemsha.

Sasa tuseme kidogo juu ya hatari, maana hapa ndipo sisi kina mama tunapopaswa kusimama mlangoni. Siku fundi rangi alipoanza kukwangua milango kwa msasa mkavu, vumbi la kijani lilitanda mpaka kwenye uji. Rangi za mafuta za miaka ile nyingi zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo na damu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mjamzito naye akae mbali. Tulisimamisha kazi, tukawapeleka watoto kwa bibi yao wiki tatu. Milango ililoweshwa ndipo ikasuguliwa, turubai likatandikwa chini, mabaki yakafungwa kwenye mifuko badala ya kufagiliwa uani kwenye kuku. Kuchoma rangi kwa moto tulikataa kabisa, ingawa fundi alisema ni haraka zaidi.

Paa la jiko la nyuma lilikuwa la yale mabati mazito ya kijivu yaliyotengenezwa kwa saruji na nyuzi za asbesto. Nyuzi zake huingia mapafuni, na ugonjwa, hata saratani, unaweza kujitokeza baada ya miongo. Usiyatoboe, usiyakate kwa msumeno, usiyasugue, usiwaachie vijana wayavunje kwa furaha. Tulimwita afisa afya wa halmashauri kwanza, na yakashushwa yakiwa mazima, yameloweshwa, na mafundi wakiwa wamevaa vya kujikinga. Hapo hatukuheshimu ya zamani hata kidogo. Vilevile nyaya za umeme za kale tuliziondoa zote, choo tukakiingiza ndani, na jiko tukalipanua ukuta mmoja, baada ya mtu anayejua kutuhakikishia kwamba ukuta ule haubebi kenchi. Tulitafuta kibali cha halmashauri kabla ya kubomoa.

Sakafu ilikuwa jambo dogo lililozua maneno makubwa. Fundi alishauri marumaru juu ya saruji nyekundu. Tulipima: marumaru zingeinua sakafu, milango yote ya mninga ingebidi ikatwe chini. Milango ile, mama, huwezi kuipata tena kwa bei ya kawaida. Basi tuliisugua sakafu kwa sabuni na brashi ngumu siku mbili, tukaacha ikauke, tukapaka nta na kung'arisha kwa blanketi kuukuu, binti zetu wakikokotana juu yake kwa vicheko. Penye mashimo tulitia saruji iliyochanganywa na rangi nyekundu ya unga. Viraka havikulingana rangi. Vya kwetu vimekuwa vya zambarau kidogo. Wageni wanaviona. Tumezoea.

Kaunta ya duka imebaki, imegeuka meza ya watoto ya kufanyia kazi za shule. Tumeikwangua na kuipaka mafuta tu. Kwenye ukingo wake kuna alama za misumari ya shaba ambazo bibi anasema ndizo zilizokuwa kipimo cha yadi. Watoto hupimana nazo.

Kuhusu fedha tutasema moja tu. Katikati ya kazi tuliishiwa, na mkopeshaji mmoja alikuwa tayari kutukopesha kwa kuweka hati ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tuliisoma pamoja mezani, na mmoja wetu, yule yule, akasema haridhii. Ukarabati ulisimama miezi minane mpaka pamba ya msimu uliofuata. Ilikuwa aibu kwa majirani na afadhali kwetu.

Lililobaki haliko mikononi mwetu. Nyumba hizi zinashirikiana kuta, na jirani wa upande wa magharibi anataka kubomoa yake ajenge ghorofa. Hakuna sheria ya kumzuia kwa ajili ya umri wa nyumba: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na mengineyo hulindwa endapo Waziri atayatangaza. Nyumba ya 1958 kwa sheria hiyo ni mtoto mchanga. Lakini ukuta ule wa magharibi ndio unaotukinga na jua la alasiri, ndio ulioegemewa na kenchi za pande zote mbili, na msingi wa ghorofa ukichimbwa kwenye udongo wetu, kile kioo chetu hakitadumu wiki.

Hatujagombana naye. Ni mtu mwema, na watoto wake hucheza uani kwetu. Tumemwomba aje aone chumba cha watoto saa nane mchana, saa ya joto, kisha akakae saa ile ile ofisini kwake penye madirisha mapya. Ameahidi kuja Jumamosi na fundi wake na ramani. Bibi amesikia, naye amesema atateremka na basi la asubuhi, akae barazani.